Vyano Vitatu vya Nyuma: Duka la Sarafu za Metali Mbili katika Ndia Kuu, Mombasa

Anayeingia Mji wa Kale kutoka upande wa Fort Jesus na kuifuata Ndia Kuu hupita maduka mengi ya vinyago, vikoi na masanduku ya njumu, na huenda akalipita duka ninalolieleza hapa bila kulitambua, kwa sababu halina kibao cha jina na dirisha lake ni dogo kuliko ya majirani. Mwenyewe hapendi jina lake litajwe, nami nimemkubalia. Atakayewauliza wauza kahawa wa mtaa huo duka la mzee wa sarafu ataelekezwa. Nimekuwa mteja wake kwa miaka mitatu na nimenunua kwake sarafu 146, ambazo zote isipokuwa tano ni za metali mbili, yaani zile zenye pete ya metali moja na kiini cha metali nyingine, kama shilingi 20 tunayoishika kila siku ndani ya matatu. Tathmini hii inahusu sarafu za aina hiyo peke yake.

Dirishani kumepangwa bidhaa za wageni: pesa za shaba za Zanzibar za zama za Sayyid Barghash, rupia na pesa za 1888 zenye jina la Mombasa, ambazo zilitolewa na Imperial British East Africa Company, na senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya pango, na sina neno juu yake. Kinachonirudisha mimi kiko nyuma ya pazia, juu ya meza ndefu, ambako mzee ameweka vyano vitatu vya mbao vya kuandalia chakula, na ndani yake sarafu za metali mbili za nchi nyingi zimemwagwa kama mchele unaosubiri kuchambuliwa. Chano cha kwanza ni cha Ulaya, cha pili ni cha Afrika na Uarabuni, na cha tatu ni cha kwingineko kote. Mteja hupewa kiti, taa ya mezani na muda anaoutaka.

Ni vyema kueleza kwanza sarafu hizi hufikaje hapa, maana ndiyo sababu ya duka kuwa na akiba ambayo mji usio na bandari wala ufuo usingeweza kuwa nayo. Maduka ya kubadilishia fedha hupokea noti za kigeni na kukataa sarafu. Mgeni anayemaliza likizo yake Nyali, Bamburi au Diani hubaki na sarafu za kwao mfukoni, akamwachia mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk au kijana wa ufuoni, na huyo naye akishakataliwa dirishani hujua kwamba kuna mzee Ndia Kuu anayezinunua kwa idadi. Mabaharia wa Kilindini huleta zao. Kutoka Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekaa kwa miaka mingi, huja mitungi mizima ya lira zilizosahauliwa kwenye madroo.

Hizo lira ndizo zilizonipendeza zaidi, na nitazisemea kwa urefu. Lira 500 ya Italia, iliyotoka 1982, ndiyo sarafu ya kwanza ya metali mbili ya zama zetu kuingia katika matumizi ya kila siku, na kiwanda cha fedha cha serikali huko Roma ndicho kilichobuni njia ya kuunganisha pete na kiini kwa pigo moja la mashine, bila gundi wala kulehemu. Pete yake ni ya chuma cha pua kinachoitwa acmonital, hivyo hunaswa na sumaku, na kiini chake ni cha aina ya shaba nyeusi inayoitwa bronzital, hivyo hakinaswi. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke mwenye mabawa, na upande wa pili una uwanja wa Quirinale, na juu ya picha hiyo thamani imeandikwa pia kwa nukta za maandishi ya vipofu. Mtu anapoishika kiganjani huona jinsi ilivyo nyepesi, gramu 6.8 tu, na jinsi mshono kati ya metali mbili ulivyo laini hata baada ya miaka 40 ya kupita mikononi. Baada yake zilifuata nyingine upesi: Moroko ilitoa dirhamu 5 mwaka 1987, Ufaransa ikatoa faranga 10 mwaka 1988, na Thailand bati 10 mwaka huohuo. Nchi nyingi zilivutwa na sababu ileile, kwamba mchanganyiko wa metali mbili ni mgumu kughushi, na mashine ya kuuzia bidhaa huutambua kwa urahisi.

Mzee huuza lira 500 kwa shilingi 100, ya mwaka wowote. Bei hiyo ni ya haki kwa sarafu ya kawaida, kwani lira iliondoka mzungukoni 2002 na milioni za sarafu hizo zingalipo duniani. Lakini ndani ya rundo hilo mna toleo la kumbukumbu, na mwenye kujua huchagua. Mimi ni mhasibu, na siku niliyopindua sarafu moja nikakuta ni ile ya 1994 ya Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha mwaka 1494 kitabu cha hesabu kilichoeneza uandishi wa mizania kwa pande mbili, nilikaa nayo mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza kwa watu wasiokusanya. Kazi yangu ya kila siku, deni upande huu na mkopo upande ule, ilikuwa imepigwa chapa kwenye fedha ya nchi ya mbali ikaja kunikuta Ndia Kuu kwa shilingi 100. Nimeshapata pia ile ya 1998 ya mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, IFAD, ambao makao yake yako Roma, na ile ya 1997 ya askari wa barabarani. Mzee hazitengi hizo na nyingine. Nilipomwambia kwamba angeweza kuziuza kwa bei ya juu kidogo, alinijibu, "Mwanangu, mimi nikianza kuzitenga, nani atakaa hapa kuzitafuta?"

Jibu hilo linaeleza duka lote. Sehemu kubwa ya sarafu za metali mbili ni fedha za matumizi, zilizotengenezwa kwa mamilioni, na thamani yake haizidi sana ile iliyoandikwa usoni. Nimeona mtandaoni, na hata hapa mjini kwa wachuuzi ambao sitawataja, yuro 2 ya kawaida kabisa ikitangazwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa sababu eti ni "adimu", na vijana wakikopa fedha wakitarajia kuiuza kwa faida. Zipo yuro 2 zenye bei ya juu kweli, na mfano ulio maarufu ni ile ya Monaco ya 2007 yenye uso wa Grace Kelly, ambayo zilitengenezwa 20,001 tu. Sarafu ya namna hiyo haingii kwenye mfuko wa mtalii kwa bahati mbaya. Mzee wa Ndia Kuu huwaambia wazi wanaomletea yuro za Ujerumani na Hispania kwamba ni za kawaida, akawapa bei inayolingana na thamani yake, na mimi nimemsikia akimrudisha nyumbani kijana wa watu aliyetaka kununua kumi "za kuwekeza". Kwa uaminifu huo peke yake ningemsifu.

Yuro 1 ni shilingi 250 na yuro 2 ni shilingi 400, bila kujali nchi wala toleo. Anayenunua yuro 2 moja hulipa zaidi ya thamani yake ya kubadilishia, lakini hupata nafasi ya kuchagua ndani ya chano kizima, na hapo ndipo pana faida. Tangu 2004 nchi zinazotumia yuro zimeruhusiwa kutoa yuro 2 za kumbukumbu, na ya kwanza ilikuwa ya Ugiriki kwa ajili ya Olimpiki za Athens, yenye mtupa kisahani wa kale. Niliipata hiyo mwaka wangu wa pili, imechakaa kiasi, kwa shilingi 400 zilezile. Nimepata pia matoleo mawili ya pamoja ya 2007, yaliyoadhimisha miaka 50 ya Mkataba wa Roma. Pauni 2 ya Uingereza, iliyoingia mzungukoni 1998, huuzwa kwa shilingi 500, na ni sarafu nzito yenye gramu 12 ambayo ukingo wake katika toleo la mwanzo una maneno ya kusimama juu ya mabega ya majitu, kwa kumkumbuka Isaac Newton, aliyewahi kuwa msimamizi wa kiwanda cha fedha cha nchi hiyo.

Kasoro ya kwanza ya duka inatokana na uhuru huohuo wa kumwaga kila kitu chanoni. Mwaka jana nililipa shilingi 400 kwa sarafu niliyoichukua haraka kutoka chano cha Ulaya muda mfupi kabla ya duka kufungwa, na nilipoifikisha nyumbani nikakuta ni bati 10 ya Thailand. Kosa lilikuwa langu kwa nusu, lakini chano ni chake. Sarafu hizo mbili zinakaribiana sana: zote zina pete nyeupe na kiini cha manjano, uzito wake ni gramu 8.5, na vipenyo vyake vinapishana kwa robo ya milimita tu, ilhali thamani ya bati 10 haifiki hata sehemu ya tano ya yuro 2. Lira 1 ya Uturuki nayo hufanana na yuro 2 kwa mtu mwenye haraka. Nilirudi asubuhi iliyofuata.

"Sabalkheri, ami. Hii niliyoichukua jana si yuro."

"Sabalkheri, mwanangu. Hebu niione." Aliisogeza chini ya taa, akavaa miwani, akaitazama pande zote. "Kweli, mfalme huyu si wa Ulaya. Chagua nyingine, na hii kaa nayo."

Alinipa yuro yangu na ile bati akaniachia bila malipo, jambo ambalo halikuondoa kasoro lakini lilinionyesha namna anavyoibeba. Tangu siku hiyo mimi huenda dukani na sumaku ndogo ya mlango wa friji. Kiini cha yuro 2 kina tabaka la nikeli katikati, hivyo huvutwa na sumaku kidogo, na pete yake haivutwi. Bati 10 haivutwi kabisa. Njia nyepesi zaidi ni kutazama juu ya hekalu la Wat Arun lililoko upande wa nyuma wa bati 10 za kabla ya 2018, palipo na nukta za vipofu, ambazo hazipo kwenye yuro 2 za kawaida. Namshauri kila mnunuzi ajaribu hayo kabla ya kulipa.

Chano cha pili ndicho ninachokiona kuwa bora, ingawa wageni wengi hawakigusi. Humo mna randi 5 za Afrika Kusini, ambazo zilianza kuwa za metali mbili 2004, na ile ya 2008 iliyotolewa Nelson Mandela alipotimiza miaka 90; mna pauni 1 za Misri zenye barakoa ya Tutankhamun, biri 1 za Ethiopia zenye simba, metikali 10 za Msumbiji, na riali 20 za Yemen zenye mti wa damu ya joka wa kisiwa cha Sokotra, ambazo hufika hapa kwa watu wenye ndugu upande ule wa bahari. Pula 5 ya Botswana ya 2000 ina picha ya kiwavi wa mti wa mopane, chakula kinachoheshimiwa huko, na sijaona sarafu nyingine iliyompa mdudu wa kuliwa heshima hiyo. Nililipa shilingi 250 na ningelipa zaidi. Kwa jirani yetu Tanzania chano ni kitupu, na hilo si kosa la mzee: shilingi 500 yake iliyotoka 2014 ni kubwa na nzuri, lakini ni ya rangi moja. Wanaouliza ya metali mbili ya Tanzania hurudi mikono mitupu.

Jambo ninalotaka lieleweke zaidi ya yote ni namna duka hili linavyomsaidia mkusanyaji wa hapa kubadilishana na wa nje, kwa sababu burudani hii imesimama juu ya kubadilishana. Wakusanyaji wa sarafu za metali mbili wametawanyika duniani kote, na klabu yao, Worldwide Bi-Metallic Collectors Club, ilianzishwa 1996 kwa njia ya intaneti wakati watu wengi wa mjini kwetu walikuwa hawajaona kompyuta. Sarafu ambayo kwa mwenyeji ni nauli ya matatu, kwa mtu wa Poland au Brazili ni pengo katika albamu. Mzee amelielewa hilo. Katika droo ya meza yake, kando na vyano, anaweka sarafu za Kenya alizozichagua moja moja kabla hazijachakaa, na kuziuza kwa mkusanyaji anayetaka kutuma nje.

Sarafu zetu zina hadithi nzuri ya kusimuliwa katika barua inayoambatana nazo. Shilingi 10 ya metali mbili ilitoka 1994, shilingi 5 ikafuata 1995 kuchukua nafasi ya ile yenye pembe saba, na shilingi 20 ikaja 1998, zote zikiwa na uso wa Rais Moi. Mwaka 2003 ikatolewa shilingi 40 yenye uso wa Rais Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Zile za 2005 zilimrudisha Mzee Kenyatta. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ikakataza fedha zetu kubeba picha ya mtu yeyote, na Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya zenye wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Kwa shilingi 120 mzee aliniuzia mwaka jana simba na tembo safi kabisa, pamoja na shilingi 10 na 20 za Moi zisizo na mikwaruzo, na kwa seti mbili za namna hiyo mkusanyaji mmoja wa Meksiko alinipa peso mpya 10 ya miaka ya 1990, ambayo kiini chake ni cha metali ya fedha halisi. Hakuna aliyepunjwa hapo, maana kila mmoja alitoa kilichokuwa karibu naye. Anayekusudia kutuma aulize kwanza posta masharti ya sarafu ndani ya barua, kwa sababu hazitumwi kiholela kama kadi ya salamu.

Sasa nije kwenye kasoro ya pili, jambo ambalo mimi na mzee hatujakubaliana, na ambalo mnunuzi mpya anapaswa kuonywa. Kwenye kikasha cha kioo, karibu na droo hiyo, kuna shilingi 20 isiyo na kiini, pete tupu, yenye karatasi iliyoandikwa "kosa la kiwanda" na bei ya shilingi 3,000. Makosa ya kiwanda yapo kweli na wakusanyaji huyalipia, lakini hili haliwezi kuwa mojawapo, na sababu iko katika jinsi sarafu hizi zinavyotengenezwa. Kiwanda hukata pete yenye tundu na kiini kidogo kuliko tundu hilo kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi kiini kikiwa na mfereji uliochongwa pembeni. Vyote huwekwa pamoja chini ya mashine, na pigo linalochapa picha ndilo hilohilo linaloisukuma metali ya pete iingie katika mfereji na kukifunga kiini. Kama pete ingepigwa bila kiini, metali yake ingemiminika kuelekea ndani ambako hapana cha kuizuia, na tundu lingebaki limepinda na kusinyaa. Tundu la pete ile ni duara safi, na ndani yake unaonekana ukuta ulioshika kitu na kukiachia. Kuna aliyekigonga kiini kikatoka. Kanada ilipotoa dola 2 mwaka 1996, yenye dubu wa barafu, baadhi ya viini vilichomoka siku za mwanzo na watu wakafanya mchezo wa kuvigonga makusudi; hakuna aliyeziita hizo adimu.

Nilimweleza mzee hayo yote, akanisikiliza kwa adabu, akasema aliyemuuzia alikuwa mtu mkweli. Pete bado iko kikashani kwa bei ileile. Namheshimu, na kwa kuwa namheshimu nasema wazi: usiinunue.

Kasoro ya tatu ni ya utunzaji, na hii ni nzito kuliko zote kwa mji uliozungukwa na bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na sarafu yenye metali mbili zinazogusana huathirika kuliko ya metali moja, kwani chumvi na maji vikiingia katika mshono metali moja huanza kuliwa kwa sababu ya jirani yake. Zile zenye chuma kilichopakwa nikeli au shaba hupata kutu pale pakao hilo linapokwaruzika. Mzee anajua kuhusu unyevu: ndani ya makopo ya akiba huweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyotoka katika maboksi ya viatu, na masika yote huwasha feni juu ya meza. Tatizo ni vifuko anavyomfungia mteja. Ni vya plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni, na plastiki hiyo, baada ya miezi katika joto la Mombasa, hutoa utelezi wa kijani unaoganda juu ya sarafu. Shilingi 40 yangu ya kwanza iliharibika hivyo. Niliiokoa kwa kuichovya katika asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, nikaiacha ikauke bila kuifuta, lakini alama hafifu ilibaki shavuni mwa Kibaki. Kadi za karatasi ngumu zenye dirisha la plastiki kavu hazina madhara hayo, na mnunuzi aje nazo mwenyewe mpaka mzee atakapobadilisha vifuko vyake. Nimemwomba mara tatu.

Afadhali hilo, kuliko yaliyonikuta Ramadhani iliyopita, nilipokuta kijana anayemsaidia ameosha nusu ya chano cha pili kwa ukwaju na jivu, kama mama zetu wanavyosugua masinia ya shaba siku za sikukuu. Alikuwa na nia njema, na sarafu ziling'aa kama mapambo ya harusi. Lakini ukwaju hula uso wa metali, jivu huukwaruza, na ngozi ya asili ya sarafu ikishaondoka hairudi; mkusanyaji wa nje akiiona katika picha hukataa kubadilishana. Pauni za Misri ambazo siku ile ningezichukua sita niliziacha zote. Mzee aliyaona machungu yangu na kumkataza kijana, na tangu hapo sijaona sarafu iliyosuguliwa, ingawa zile za siku ile bado zimo chanoni na hutambulika kwa weupe wake usio na kina. Mtu aziepuke, au azinunue kwa kujua.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na tena baada ya alasiri hadi karibu na magharibi; Ijumaa mchana haliko wazi. Malipo hupokelewa kwa M-Pesa au taslimu. Mzee hapunguzi bei ya sarafu moja, ila anayechukua kumi huongezwa moja aitakayo. Hana kitabu cha kuthamini sarafu, na hilo hutatulika kwa kufungua katalogi ya Numista kwenye simu, ambayo ni ya bure na inaonyesha picha za matoleo mengi. Hubadilisha sarafu iliyochukuliwa kimakosa bila maneno, kama nilivyoeleza. Taa ya mezani inatosha, lakini lenzi yake ya kukuzia imekwaruzika, kwa hiyo mwenye yake aje nayo.

Tangu mwezi uliopita nimemwachia oda ya dirhamu 5 ya Moroko ya 1987, ambayo sijaipata kwa mtu yeyote, na amesema atawauliza mabaharia. Wakati huohuo ameletewa kopo kutoka kwa familia moja iliyohama Kibokoni, na ndani yake mlikuwa na shilingi 40 za 2003 tisa, nyingi zikiwa hazijaguswa. Anaziuza kwa shilingi 300 kila moja. Nilichukua mbili Jumamosi, moja yangu na moja ya kubadilishana, nikazitia ndani ya kadi palepale mezani, na zilizobaki saba zimo katika droo ya kulia, upande wa dirisha.